Sponji Chafu ya Konokono

Wallahi tena, kila neno hapa ni kweli tupu, na anayebisha aje tubishane! Fundi Chura alijenga tangi la kioo kubwa kuliko uwanja wa mpira, akapanda majani humo ndani mpaka twiga angepotea. Mwenye tangi alikuwa Bi Malaika, samaki mwenye mapezi marefu kama shela la bibi harusi, asiyetaka kuona uchafu.

Siku ya kuhamia, Mzee Konokono akaja na sponji nyeusi ya kuchujia maji, imetoka kwenye tangi lake la zamani.

"Nimekuletea zawadi, mwanangu."

"Zawadi au tope? Toka nayo, mzee! Hapa tunakaa watu safi."

"Haya. Ukinihitaji, nipo kwenye ndoo hapo nje."

Maji yaling'aa mpaka jua likaona haya. Lakini Bi Malaika alikula, akajisaidia humohumo, na wiki haikuisha mapezi yakamnyauka, macho yakamuwasha kama aliyemenya gunia zima la vitunguu.

"Chura, nakufa! Maji yako yana sumu!"

"Sumu ni mavi yako mwenyewe, bibi. Vijidudu vya kuyala vilikuwa kwenye ile sponji."

Bi Malaika akabandika mdomo kwenye kioo, akaita kuelekea kwenye ndoo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka tope?"

"Nataka zawadi yangu."

Leo anapumua vizuri. Sponji kaificha nyuma ya majani, na wageni anawaambia maji yanasafishwa na uzuri wake. Tafadhali lisitoke hapa; Konokono alinisimulia baada ya kuniapisha nisimwambie mtu.