Pakiti ya Kila Mwezi

Picha ya pakiti ya pedi ilipotokea ukutani, kubwa kama mlango, mkunga alijua ameuzwa.

Ukumbi mzima wa hospitali ulicheka. Walicheka wauguzi, wakunga wenzake, wanafunzi waliosimama nyuma kwa kukosa viti, na wanaume walioalikwa safari hii ili nao wasikie matokeo ya utafiti kuhusu ukomo wa hedhi. Mume wake alikuwa kando yake, soda mkononi. Yeye mkunga hakumwambia lolote kuhusu mkutano huu. Mume aliona tangazo getini akaja mwenyewe, tena na shati limepigwa pasi.

Mbele alisimama mtafiti, mke wa kaka yake. Zamani walikuwa wakishika zamu pamoja wodi ya wazazi, kabla wifi hajarudi chuoni kusoma.

"Kuna mwanamke mmoja," mtafiti alisema, "namjua vizuri kuliko wote niliowahoji. Siku zake zilishakoma. Lakini kila mwezi ananunua pedi, anazifunga kwenye gazeti, anazitupa pale ambapo mumewe lazima ataziona."

Joto likampanda mkunga kutoka kifuani hadi masikioni, na safari hii halikuwa lile la umri.

Jambo hilo alimwambia mtu mmoja tu duniani. Ilikuwa jikoni kwake, mlango umefungwa, bomba limefunguliwa makusudi ili watoto wasisikie. Alimweleza na sababu. Mume wake anataka mtoto mmoja zaidi, na dada zake wameshamtafutia binti wa kumzalia. "Madhali unaona siku zako, nitasubiri," mume alimwahidi. Basi akawa anazinunua hizo siku dukani.

Wifi hakucheka siku ile. Aliinamia sufuria, akauliza tu, "Unafunga kwenye gazeti? Maana mfuko wa plastiki unaonyesha." Kisha akaapa kwamba hilo watazikwa nalo.

"Na kwa kuwa pedi safi ingemuumbua," mtafiti aliendelea, "alikuwa akizidondoshea rangi ya chakula. Nyekundu."

Kicheko kikalipuka upya. Mkunga hajawahi kutumia rangi yoyote. Kumbe kumwanika hakukutosha, ilibidi na chumvi iongezwe! Alitazama mikono yake juu ya mapaja. Mikono hii ndiyo iliyompokea mtoto wa kwanza wa mwanamke yule, usiku mzima mmoja akisukuma, mwingine akimtia moyo, na leo malipo ndiyo haya.

Mume wake alikuwa akifuta machozi ya kucheka. "Mwanamume gani huyo?" alimnong'oneza. "Analala na mke au analala na mto?"

"Nyamaza."

"Mimi ningejua siku ya kwanza."

Katika ukumbi wote, kaka yake peke yake ndiye aliyekuwa hacheki. Alikaa safu ya mbele akimkazia macho mkewe. Hata yeye anajua, mkunga aliwaza. Wamenijadili kitandani, wamenimaliza, ndipo wakaja kunitangaza.

"Mwanamke huyo yumo humu ndani," mtafiti alisema, na sauti ilianza kumtetemeka. "Na leo yuko tayari nimtaje."

Mkunga aliruka kutoka kitini kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Muongo mkubwa wewe! Nani kakwambia niko tayari?"

Vicheko vilikatika. Mume wake alimvuta nguo. Mkunga akaupiga ule mkono.

"Nilikwambia jikoni kwangu, ukaniapia! Mwaka mzima nanunua mapedi nisiyoyahitaji, nahangaika kuilinda ndoa yangu, halafu wewe unakuja kunivua nguo mbele ya watu? Mbele ya mume wangu?"

Kaka wa mkunga akafumba macho.

Mwanafunzi mmoja aliangusha kalamu, na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Wifi," mtafiti alisema hatimaye. Alikuwa amekishusha kipaza sauti, lakini watu wote walimsikia. "Yako sijamwambia mtu. Mwanamke huyo ni mimi. Kaka yako nilimwambia yangu jana."

Mume wa mkunga aliinuka, akawaomba radhi waliokaa njiani wampishe, akatoa simu mfukoni.

"Dada," mkunga alimsikia akisema mlangoni, "yule binti bado yupo?"