Mpaka Maziwa Yachemke

"Nikisimama kwa mguu mmoja mpaka maziwa yachemke," alisema Bi Hadia, "utanifunga mjukuu wangu mgongoni."

Rukia alilishika fundo la mbeleko kifuani. Tangu hedhi ikome, mifupa ya mama yake ilikuwa imepungua nguvu. Mwaka jana aliteleza tu uani, nyonga ikavunjika. Sasa kila asubuhi alifanya mazoezi ya polepole aliyofundishwa kliniki, majirani wakimcheka eti anafukuza nzi.

"Mama, basi! Utaanguka."

"Hebu nyamaza, napumua."

Goti lilitetemeka. Mikono ikapanda taratibu, kama ya mtu anayeanua nguo kambani. Goti likatulia.

Maziwa yakafura, yakamwagika, yakazima makaa. Bi Hadia hakushusha mguu. Mtoto akacheka mgongoni, na vidole vya Rukia vikaanza kulilegeza fundo.