Fedha za Uzeeni

Sheria ilimwachia marehemu usimamizi wa hisa na akiba alizorithisha. Sauti yake, yenye kusikia na kujibu kama yeye, ilihifadhiwa benki, na mjane akitaka kutoa fedha alipaswa kumwomba.

"Baba Sauda, mtoto wa jicho ameniziba," Bi Mwanakheri alikiambia kipaza sauti cha benki pale sebuleni, kahawa ameshaitenga. "Nisipopasuliwa mwezi huu, napofuka."

"Macho mazuri vile? Acha kudeka. Fedha hizi ni za uzeeni."

"Nimeshazeeka, mume wangu. Nina miaka themanini."

Sauti ikacheka kile kicheko kilichomtoa kwao. "Wewe? Wewe bado msichana wangu."

Ujanani angeyeyuka. Sasa alikipapasa kikombe mezani, akakimwaga.

"Kahawa imekolea?" sauti ikauliza kwa mahaba.

"Imekolea," akajibu, akifuta meza kwa kanga.