Kengele ya Hjelmdal

Kamba ilikuwa imeshafungwa kwenye boriti kabla hata shahidi hajaitwa. Torgunn aliiona tangu mlangoni.

Chini ya kamba alisimama mumewe, Eivind, mikono imefungwa. Jirani yao Ketil alikuwa ameokotwa nyuma ya zizi siku ya kunyoa kondoo, mkasi umezama shingoni. Mkasi wenyewe wa nyumbani kwa Eivind. Na bonde zima lilijua kwamba Ketil alikuwa haishi kubisha hodi kwa Torgunn kila Eivind akipanda malishoni.

Eivind alipoulizwa alisema hakumbuki kitu, alikuwa amelewa. Kengele ilinyamaza, lakini kutokumbuka si kutoua.

Ilikuwa kengele ndogo ya shaba, kazi ya mhunzi mchawi, imening'inia juu ya kiti cha hakimu. Uongo ukisemwa karibu nayo, inalia yenyewe. Tangu iletwe, mawakili walikuwa wamerudi kuvua samaki, viapo vimefutwa, na watu wa Hjelmdal wamejifunza kufunga midomo. Hata salamu ilikuwa na hatari zake: ukijibu sijambo huku jino linakuuma, unaumbuka mbele za watu.

Mahakimu nao walikuwa wamebweteka. Zamani shahidi alihojiwa siku mbili. Siku hizi ni swali moja. Kengele ikinyamaza, watu wanakwenda kula.

Torgunn hakuwa ametia kitu kinywani tangu juzi. Swali moja angeliweza. La pili lingeibomoa nyumba yake, na binti yao Liv alikuwa na miaka minne tu. Aliomba kimoyomoyo, bila hata kujua anamwomba nani.

"Haya, mama, sogea," alisema hakimu Halvard, akinusa harufu ya nyama ya kondoo iliyokuwa ikitokota nje. "Na usiijaribu hiyo kengele. Haina huruma na wake za watu."

Watu wakacheka.

"Siku ya kunyoa kondoo, mumeo alikuwa wapi?"

"Nyumbani, mheshimiwa. Alikunywa tangu asubuhi mpaka akaanguka. Nikamburuta stoo, nikafunga mlango kwa komeo la nje. Jioni nilimfungulia mwenyewe, bado anakoroma."

Nyuso zote ziliinuka kuitazama kengele. Haikutikisika.

Halvard alimwangalia Torgunn, kisha akafungua mdomo tena. Torgunn alihisi roho inamtoka.

Ulikuwa mwayo.

"Mfungueni huyo," alisema hakimu. "Tukale."

Nje Eivind alimkumbatia mkewe mbele ya umati, akalia bila haya. "Mama Liv, umenitoa kaburini! Mimi mwenyewe nilishaanza kuamini kwamba nimeua."

"Twende nyumbani. Mtoto anatungoja."

"Lakini mkasi ni wetu," alisema Eivind, akijifuta machozi huku akimfuata. "Sasa aliyemuua Ketil ni nani?"

"Tembea kwanza, baba Liv."

Alimshika mkono, akanyamaza njia nzima. Walivuka daraja, wakapita kisima, wakafika mahali ambapo kengele haiwezi kusikia tena neno la mtu.

"Sijui," alisema Torgunn.