Mvua Ilipomeza Sauti

Tunu, msusi kiziwi, alikuwa akimsuka mteja wakati bunge lilipoanza kupiga kura kuamua kama lugha ya alama itambuliwe na sheria. Yeye na viziwi wenzake waliidai haki hiyo kwa miaka mingi, wakiandamana na kurudishwa bila kusikilizwa. Leo, kwenye televisheni ya saluni, mkalimani wa alama alionekana pembeni mwa skrini.

Ghafla mvua ikashuka juu ya bati, ikawa hakuna aliyeisikia tena televisheni.

"Wamesemaje?" dada yake, Salha, aliyekaa asikoiona skrini, akamuuliza kwa mikono. Maisha yote Salha ndiye aliyekuwa akimweleza Tunu yanayosemwa.

Tunu aliiona mikono yake kwa pembe ya jicho, lakini hakubandua macho kwenye skrini. Kisha akageuka, machozi yakimlengalenga, akajibu kwa alama: "Wamepitisha. Lugha yetu imekubaliwa."

Salha akawatangazia wengine kwa kelele, saluni ikalipuka kwa vigelegele. "Hongera, mwanangu!" mteja akamkumbatia.

Tunu akamgeukia yule mkalimani asiyeweza kumwona. Akagusa kidevu kwa vidole, akavishusha mbele: asante. Akarudia, akarudia tena, na nywele za mteja, nusu zimesukwa nusu zimesimama, zikamsubiri.