Soli za Brijida

Adhuhuri ile Nahodha Baltazari alitakiwa kurudisha ramani ya bahari za Asia kwenye ofisi ya mfalme, la sivyo asingepewa merikebu tena. Alipekua kasha mpaka chini. Mkewe, Brijida, alikaa mlangoni akimtazama kama anayetazama kuku akichakura.

"Ramani yangu iko wapi?"

"Ile ngozi ya ndama? Miaka yote uko huko Asia, mume wangu, na mimi hapa nakanyaga matope pekupeku." Akanyoosha miguu. "Nimeikata soli za viatu."

Baltazari akapiga magoti, akaushika mguu wa kushoto. Chini ya soli, kwa wino wa buluu, ulionekana mlangobahari wa kuingilia visiwa vya karafuu, umekatikia kisiginoni.

"Vivue, Brijida. Bila hii sisafiri tena."

"Najua. Ndiyo maana nilikata polepole."

"Nitaukata huu mguu."

"Ukate. Ukaupeleke ofisini na soli yake."

Nje mvua ilikuwa imeanza. Brijida akauvuta mguu wake, akachukua kikapu cha sokoni, akatoka bila haraka, akichagua madimbwi. Nahodha akamfuata nyuma, ameinama, na kila mkewe alipoinua kisigino, maji yalibaki na ubuluu kidogo.