Mtumiaji Chuma Hayupo

"Mtumiaji Chuma hayupo," mtambo mkuu ukaniandikia, ndipo nikaelewa.

Tangu nitoke chai nilikuwa nahangaika na nyaya. Kompyuta za wodini zinaomba majibu ya maabara kutoka kwenye mtambo huo mkuu wa zamani, mtambo unakataa. Nikabadilisha waya, nikazima, nikawasha. Wapi!

Nesi wa chumba cha upasuaji alikuwa bado kwenye simu. Ndiyo kwanza karudi likizo, ulimi haujapumzika.

"Fundi, mtoto yuko mezani, daktari anataka grupu ya damu. Unatengeneza au unatuombea?"

"Usikate, dada."

Chuma, fundi mwenzangu, ndiye aliyeiunganisha mifumo hii miwili, wa wodini na wa maabara. Kwa uvivu wake, kila kompyuta ya hospitali akaifanya ibishe hodi kwa jina lake. Jumamosi tulimzika. Leo, kabla ya chai, ofisi ya utumishi ikaniambia nimfute kwenye mtambo. Nikamfuta, nikaenda kunywa chai.

Nikavuta kibodi yake. Herufi A ilikuwa imefutika, pamebaki mng'ao tu pale kidole chake kilipozoea kutua. Nikaweka changu hapo, nikaandika jina lake.

"Nimrudishe?" mtambo ukauliza.

Nikabonyeza ndiyo. Sikusikia chochote moyoni, labda feni tu.

"Yamekuja!" nesi akapiga kelele. "Kumbe ni Chuma, naona hapa kaingia sasa hivi. Kwa nini hukumwita mapema? Haya, mpe salamu zangu."

"Zimefika," nikasema.